Tovuti ya Kazi za Sanaa: Mbinu kwa Mwanafunzi wa Baiyun

Mkaguzi wa kazi za sanaa hakujui. Hajui kwamba ulichora usiku baada ya kuwasaidia wazazi kufunga mizigo, wala kwamba karatasi yako ya kwanza iliharibiwa na unyevu wa mwezi Machi ukalazimika kuanza upya. Anachokijua ni kile kinachofunguka mbele yake kwenye skrini. Kabla yako amepitia kazi za wanafunzi wengine, na baada yako wapo wengi wanaosubiri. Akiona upesi umefanya nini, umekifikia kwa njia gani na kwa sababu gani, atatulia asome. Asipoona, atasonga mbele. Tovuti ya potifolio hujengwa kwa ajili ya mtu huyo, na kila ushauri ulio hapa chini unamlenga yeye.

Nawaandikia hasa vijana wa Afrika Mashariki wanaosoma Guangzhou, katika wilaya ya Baiyun na jirani zake. Wazazi wenu wanaijua Baiyun kwa masoko ya mabegi na bidhaa za ngozi ya Sanyuanli, kwa barabara ya Guangyuan Xi, na kwa uwanja wa ndege uliofunguliwa Agosti 2004 ambao ndio mlango wa wengi wetu kuingia China ya kusini. Ninyi mnaijua kwa shule. Wapo wanaofuata mtaala wa Marekani, wapo wa Uingereza, wapo wa mtaala wa kimataifa wa IB, na wapo wanaosoma nyumbani kwa njia ya intaneti huku mama yuko dukani. Mengi ya haya yatamfaa pia mwanafunzi wa Mombasa, Kampala au Columbus. Ila Baiyun ina mambo mawili yanayohitaji mbinu zake: unyevu unaokula karatasi, na intaneti isiyofungua kila tovuti.

Soma masharti kabla ya kuchagua rangi

Vijana wengi huanza na muundo: rangi ya ukurasa, aina ya herufi, picha kubwa ya juu. Siku kadhaa zinapita, tovuti inapendeza, na ndani yake hamna kitu kinachojibu swali la mkaguzi. Anza na karatasi ya masharti.

Heshima ya sanaa, yaani utambuzi rasmi wa mwanafunzi aliyefanya vizuri katika sanaa, hutolewa kwa njia nyingi, na kila njia ina hesabu yake. Mtaala wa AP wa Marekani una potifolio tatu za sanaa: ya kuchora, ya usanifu bapa wa 2-D na ya 3-D. Kila moja inadai picha 15 za uchunguzi endelevu, ambazo zina asilimia 60 ya alama, na kazi 5 teule zenye asilimia 40. Katika IB, wanaotahiniwa hadi mwaka 2026 wana sehemu tatu: ulinganisho wa wasanii wenye asilimia 20, potifolio ya mchakato yenye asilimia 40, na maonyesho yenye asilimia 40. Wanaotahiniwa kuanzia 2027 wana mtaala mpya, kwa hiyo usichukue potifolio ya dada yako aliyehitimu ukaifuata hatua kwa hatua. Sanaa ya A Level ya Cambridge ina uchunguzi binafsi unaoambatana na maandishi ya maneno 1,000 hadi 1,500. Huko Ohio, Marekani, wanakoishi Wakongomani wengi wasemao Kiswahili, jimbo linatoa diploma ya heshima ya sanaa, na potifolio yake hupitiwa na wataalamu wa nje ya shule. Zipo pia shule zenye tawi la National Art Honor Society, chama cha heshima cha wanafunzi wa sanaa kilichoanza Marekani mwaka 1978, na mwanafunzi hujiunga nacho kupitia tawi la shule yake.

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi. AP na IB zina mifumo yake rasmi ya kupakia kazi, na tovuti yako haichukui nafasi ya mifumo hiyo. Tovuti ni ya kamati ya heshima ya shule, ya mtaalamu wa nje anayeombwa kutoa maoni, ya mwalimu anayekuandikia barua, na baadaye ya chuo kikuu. Lakini kazi ni zilezile. Ukizipanga vizuri kwenye tovuti, siku ya kupakia kwenye mfumo rasmi utakuwa umeshamaliza sehemu kubwa.

Chukua daftari, gawa ukurasa pande mbili. Kushoto andika kila sharti kwa maneno ya shule yako yenyewe. Kulia andika kazi inayolithibitisha. Sharti lililobaki bila kazi ndiyo kazi yako ya mwezi ujao. Na kazi ambayo haithibitishi sharti lolote iache nje, hata kama shangazi zako wote waliisifu. Kwa tovuti ya heshima ya sekondari, maoni yangu ni kwamba kazi 12 zilizokamilika zinatosha. Mwanafunzi anayeweka 40 anamwachia mkaguzi kazi ya kuchagua, na mkaguzi anaweza kukumbuka ile dhaifu.

Tafuta swali moja, na uliite kwa jina

Wakaguzi wa AP, wa IB na wa Cambridge wote wanatafuta kitu kimoja: uchunguzi. Hawataki kuona tu kwamba unaweza kuchora farasi. Wanataka kuona umeuliza jambo, ukajaribu kulijibu kwa mikono, jibu likakufikisha kwenye swali lingine. Na hapa kijana asemaye Kiswahili anayeishi Baiyun ana utajiri ambao wenzake darasani hawana. Inaniuma ninapoona vijana hawa wanachora wahusika wa katuni za Japani, wakati historia yao imelala pande zote mbili za Bahari ya Hindi.

Fikiria kanga. Ina pindo, ina mji, ina jina. Mwaka 1968 kilifunguliwa Ubungo, Dar es Salaam, kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China. Leo vitambaa vingi vinavyovaliwa Kariakoo vinanunuliwa kwa marobota huku Guangzhou, na soko kubwa la vitambaa la Zhongda liko wilaya ya Haizhu, safari ya metro tu kutoka Sanyuanli. Swali lako linaweza kuwa: pindo la kanga likichorwa upya na mtu anayeishi mahali vitambaa vinaponunuliwa, linabadilika nini? Swali hilo linaweza kubeba picha 15 bila kuchoka.

Au fikiria kauri. Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, yapo makaburi ya karne ya 18 ambayo nguzo zake zilipachikwa mabakuli ya kauri kutoka China. Mambrui, karibu na Malindi, ipo nguzo ya kaburi iliyopambwa hivyohivyo. Na Guangzhou hii ina ufundi wake wa kale wa kuchora kauri kwa rangi na dhahabu, uitwao guangcai. Kazi za mafundi wa namna hiyo utaziona kwenye Ukumbi wa Ukoo wa Chen, uliokamilika mwaka 1894, ambao sasa ni makumbusho ya sanaa za jadi za Guangdong. Kutoka Sanyuanli panda metro namba 2, badili Gongyuanqian kwa namba 1, shuka Chen Clan Academy. Nenda na daftari la kuchorea. Ukichora pale paa lenye sanamu za udongo, uandike tarehe, ukurasa huo ni sehemu ya potifolio tayari.

Kwa sehemu ya kulinganisha wasanii, usiende moja kwa moja kwa Picasso. Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akashinda tuzo ya Turner ya Uingereza mwaka 2017, na michoro ya kanga imo ndani ya kazi zake. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, huchora kwa rangi za mafuta juu ya lubugo, gome la mti linalopondwa kuwa kitambaa huko Uganda. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi pia, hufinyanga vyungu visivyopakwa glezi, vinavyong'arishwa kwa mkono, navyo vimo katika makumbusho makubwa ya dunia. Ukimlinganisha Odundo na mfinyanzi wa Guangdong, umeandika jambo ambalo mwalimu wako pengine hajawahi kulisoma kutoka kwa mwanafunzi.

Swali liandike kwa sentensi moja, na sentensi hiyo iwe ya kwanza kusomwa kwenye ukurasa wa mwanzo. Usiandike kwamba unapenda sanaa tangu utotoni. Kila mtu ameandika hivyo.

Picha za kazi, kabla unyevu haujaja

Tovuti nzima inasimama juu ya picha. Mchoro mzuri uliopigwa picha mbaya ni mchoro mbaya machoni pa mkaguzi, kwa sababu hataushika kamwe.

Kuanzia Februari hadi Aprili, Guangzhou hupata siku ambazo hewa ya joto na unyevu kutoka baharini hukutana na kuta zilizobaki na baridi. Wenyeji wanaziita huinantian. Sakafu inateleza, kuta zinatoka jasho, nguo hazikauki, na karatasi inajikunja. Rangi za maji zikikutwa wazi wakati huo huota madoa ya ukungu ambayo hayatoki. Na miezi hiyo ndiyo ya mwisho kabla ya tarehe za AP, ambazo huangukia mapema Mei. Basi weka kanuni: kazi ikimalizika leo, picha inapigwa wiki hiihii. Baada ya hapo ifunge kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, uilaze juu ya kabati, isiguse ukuta. Siku hizo za jasho funga madirisha, hasa asubuhi.

Mwanga ni tatizo la pili. Wengi wetu tunaishi kwenye vijiji vilivyomezwa na mji, kama vile vya Sanyuanli, ambako majengo yamesongamana hadi jirani wa upande huu anaweza kumpa mkono wa upande wa pili dirishani. Ghorofa ya pili huko ni giza saa sita mchana, na taa ya dari hugeuza kila rangi kuwa manjano. Pandisha kazi juu ya paa la jengo, siku ya mawingu, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Mawingu yanatawanya mwanga bila vivuli vikali. Kama paa limefungwa, omba mwenye nyumba ruhusa, au tumia ukumbi wa shule wenye madirisha makubwa. Jua kali la moja kwa moja liepuke.

Simu inatosha, huhitaji kamera. Bandika kazi ukutani kwa wima, usawa wa kifua chako. Washa mistari ya gridi kwenye kamera ya simu, halafu linganisha kingo za mchoro na mistari hiyo. Simama mbali kidogo na utumie ukuzaji wa mara 2, maana simu ikisogezwa karibu sana hupindisha kingo za karatasi. Zima mwanga wa flashi. Weka kipande cha karatasi nyeupe pembeni katika picha ya kwanza ya kila kikao, kitakusaidia kurekebisha rangi baadaye hadi nyeupe ionekane nyeupe. Kwa sanamu au chungu, piga pande mbili au zaidi, nyuma yake pakiwa na kitambaa cha rangi moja isiyong'aa. Kisha piga picha moja ya karibu inayoonyesha mguso wa brashi, mshono au alama ya kidole. Mkaguzi anapenda kuona mkono wa mtu umepita hapo.

Faili asilia lihifadhi sehemu mbili, moja ikiwa diski ya nje. Kwa ajili ya tovuti tengeneza nakala yenye upande mrefu wa pikseli 2,000 na uzito usiozidi kilobaiti 500. Na ukimtumia mtu picha kwa WeChat, chagua kutuma picha asilia, la sivyo programu itaibana na kuiharibu.

Piga picha pia mambo yasiyokamilika: daftari, majaribio ya rangi yaliyoshindikana, meza yako ikiwa imechafuka, uzi uliokatika. Vijana wanatupa vitu hivi kwa aibu, na huo ndio ushahidi wa mchakato ambao IB na AP wanaudai waziwazi. Andika tarehe nyuma ya kila kipande kwa penseli.

Tovuti inayofunguka Guangzhou na nje ya China

Mwalimu wako yuko Baiyun. Mtaalamu wa nje anaweza kuwa Nairobi, London au Ohio. Tovuti lazima ifunguke kwa wote bila mtu kuombwa kutumia njia za kando.

Google Sites, ambayo wanafunzi wengi duniani huanza nayo, haifunguki kwenye mtandao wa kawaida wa China bara. YouTube imefungwa tangu 2009, Instagram tangu 2014. Kwa hiyo tovuti iliyojengwa kwa zana za kigeni na kujazwa video za YouTube itaonekana Nairobi, na hapa Baiyun mwalimu ataona ukurasa mweupe. Kinyume chake nacho kipo: huduma nyingi za ndani ya China zinataka namba ya simu ya China ili kufungua akaunti, nazo huenda polepole sana kwa mtu aliye Afrika.

Pia pana suala la sheria. Tovuti yoyote inayowekwa kwenye seva zilizomo China bara lazima isajiliwe na kupata namba ya ICP, utaratibu uliowekwa mwaka 2000 na unaosimamiwa na Wizara ya Viwanda na Teknolojia ya Habari. Namba hiyo huandikwa chini ya ukurasa wa mwanzo. Kwa mwanafunzi mgeni mwenye miaka 16 njia hiyo ni ndefu kuliko manufaa yake. Seva iliyoko Hong Kong haihitaji namba hiyo, iko karibu, na kwa kawaida hufunguka vizuri pande zote mbili. Kampuni kubwa za China za huduma za wingu, kama Alibaba Cloud na Tencent Cloud, nazo zina seva Hong Kong.

Nunua jina la kikoa lenye jina lako la sanaa, fupi, linaloweza kutamkwa kwenye simu bila kurudiwa. Lilipie miaka miwili, kwa sababu maombi ya chuo yatakuja baada ya heshima ya sekondari, na kikoa kikiisha muda tovuti hupotea hewani siku usiyoitaka. Mzazi ndiye aandikishe na kulipia, akaunti ikiwa kwa jina lake, na nenosiri liandikwe mahali nyumbani.

Kurasa nne zinatosha. Ukurasa wa mwanzo una kazi moja bora, jina lako, sentensi ya swali lako na njia ya kuingia ndani. Ukurasa wa kazi una zile 12, kwa mpangilio unaoonyesha uchunguzi ulivyokwenda, ya kwanza na ya mwisho zikiwa zenye nguvu zaidi. Ukurasa wa mchakato una daftari na majaribio. Ukurasa wa kukuhusu una aya mbili. Muziki unaojipiga, picha zinazoruka na herufi za mapambo viache. Mandhari nyeupe au ya kijivu hafifu huziacha rangi zako ziseme. Ukijua HTML kidogo tu, andika kurasa hizi mwenyewe: ni nyepesi, hazitegemei seva ya mtu mwingine, na zitafunguka hata kwenye simu ya zamani yenye mtandao dhaifu. Mjumbe wa kamati akizifungua kwa simu akiwa ndani ya metro, picha zisipite ukingo wa skrini.

Kama una video ya ngoma, filamu fupi au kazi ya mwendo, ipakie moja kwa moja kwenye tovuti ikiwa fupi ya dakika moja. Ikiwa ndefu, weka viungo viwili vikiwa pamoja, kimoja cha Bilibili na kimoja cha YouTube, mtazamaji achague kinachofunguka kwake.

Na siku zote andaa PDF yenye kazi zilezile, isiyozidi megabaiti 10. Ikitokea tovuti haijafunguka siku ya kikao, PDF inatumwa kwa barua pepe ndani ya dakika moja. Mimi nisingemruhusu mwanafunzi yeyote kuwasilisha bila nakala hiyo.

Maneno machache, yenye vitu ndani

Chini ya kila kazi andika jina, mwaka, zana, na vipimo kwa sentimita. Kisha sentensi mbili. Mfano:

"Pindo la Nyumba Mbili, 2025. Wino na uzi wa hariri juu ya karatasi ya mchele, sm 60 × 42. Nilinakili pindo la kanga ya bibi, nikabadilisha korosho zake kuwa maua ya mti wa pamba nyekundu wa Guangzhou. Uzi ulichana karatasi mara ya kwanza, kwa hiyo hapa niligundisha tabaka mbili."

Angalia mfano huo unavyofanya kazi. Sentensi ya kwanza inasema wazo limetoka wapi. Ya pili inasema tatizo gani lilitokea na lilitatuliwaje. Hakuna neno "hisia", hakuna "utamaduni wangu tajiri". Mkaguzi anaamini vitu, vipimo na maamuzi.

Majina ya kazi yaache kwa Kiswahili ikiwa yalizaliwa kwa Kiswahili, halafu maelezo yawe kwa lugha ya shule yako. Muombe mwalimu wa lugha, mbali na yule wa sanaa, akusomee. Kwenye AP maandishi ya uchunguzi yana kikomo kidogo cha herufi, kwa hiyo kujizoeza kufupisha kwenye tovuti ni mazoezi ya mtihani wenyewe.

Uaminifu na usalama

College Board, wanaoendesha AP, wamekataza kabisa matumizi ya akili mnemba katika hatua yoyote ya kutengeneza kazi za potifolio ya sanaa. Usijaribu hata kwa rasimu. Na ukichora kutoka picha ya mtu uliyoiona Xiaohongshu au Pinterest, itaje picha hiyo kwenye ukurasa wa mchakato na uonyeshe umeibadilisha kiasi gani. Bora zaidi, piga picha zako mwenyewe za marejeo.

Lakini ukipiga picha za watu, omba ruhusa. Kanuni ya Kiraia ya China, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2021, inalinda haki ya mtu juu ya sura yake. Zaidi ya sheria kuna adabu: wafanyabiashara wengi wa Sanyuanli na wa mtaa wa Xiaobei hawataki sura zao wala bidhaa zao zionekane mtandaoni, na wana sababu zao. "Shikamoo mama, naomba nikuchore ukiwa kazini, sura yako haitaonekana" inafungua milango mingi. Mikono inayokunja kitambaa, mgongo uliobeba robota, viatu kwenye ngazi: picha hizi zina nguvu, na hazimwumizi mtu.

Wewe mwenyewe jilinde. Kwenye tovuti weka jina la kwanza na jina la sanaa, na barua pepe iliyofunguliwa kwa kazi hii tu. Usiweke namba ya simu, anwani ya nyumbani, jina la jengo, picha ya pasipoti wala picha ukiwa na sare yenye nembo ya shule. Kamati ya shule inakujua tayari. Wengine hawahitaji kujua unalala wapi. Mzazi apitie kila ukurasa kabla haujafunguliwa kwa umma, na akisema jambo liondolewe, liondoe.

Jaribu, kisha tuma

Mpe mtu aliye Guangzhou akifungue kiungo kwa simu yenye mtandao wa kawaida, bila VPN. Mpe mjomba Dar es Salaam, mpe binamu aliye Ulaya au Marekani. Waulize mambo matatu tu: kilifunguka baada ya muda gani, kazi gani wanaikumbuka, na swali lako ni lipi. Wakishindwa kulitaja swali, rudi kwenye sentensi ya kwanza.

Kumbuka saa. Miaka ya karibuni mlango wa AP umefungwa saa 2 usiku kwa saa za Mashariki ya Marekani, ambayo ni saa 2 asubuhi ya siku inayofuata hapa Guangzhou. Usiipange kazi yako kwa saa hiyo. Siku ya mwisho intaneti huzidiwa, na mtoto aliyekesha hukosea kupandisha faili.

Mzazi, kazi yako ni kumpa mtoto meza yenye mwanga, muda usiokatizwa na mizigo ya duka, na nauli ya kwenda makumbusho. Usimtafutie fundi wa kumjengea tovuti. Wajumbe wa kamati wanaweza kumwita mwanafunzi na kumuuliza kwa nini kazi ya saba imewekwa kabla ya ya nane, na jibu hilo haliwezi kutoka kwa fundi.

Kijana, wiki hii piga picha kazi tatu ulizo nazo, siku ya mawingu, na uandike sentensi ya swali lako. Mpelekee mwalimu sentensi hiyo kabla hujanunua kikoa. Kiungo na PDF vimfikie wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho, ili akikurudishia masahihisho uwe bado na muda wa kuyafanya.